Taa Mpya za Mzee Kisabo

Sisi tuliokua miaka ya tisini kwenye njia ya kutoka Kapalamsenga kwenda Mpanda, gari tulilijua kwa taa zake. Jioni tukishakula ugali wa muhogo na migebuka, tunapanda juu ya kichuguu, vidole bado vinanuka samaki, tunashindana kutaja gari linalokuja. Anayekosea anapigwa konzi. Mimi nilipigwa chache.

Pikapu ya Mzee Kisabo haikumshinda mtu kuitambua. Ilikuwa Landirova kuukuu ya kubeba dagaa, taa zake za njano zimefifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Moja ilimulika tairi lake lenyewe, nyingine ilitafuta nyani mitini. Mama alikuwa anasema, "Yule mzee haoni njia, anaikumbuka tu." Lakini ndiyo lilikuwa gari letu. Ukiliona unasimama barabarani na mzigo wako, nalo linasimama.

Basi siku moja nikang'atwa na nyoka kisiginoni, kwenye shamba la karanga. Bibi akabandika lile jiwe jeusi la nyoka, akafunga kitambaa, lakini mpaka jua linazama mguu umekuwa kama mtungi. Ikaamuliwa niwahishwe hospitali Mpanda na Mzee Kisabo. Wa kunifikisha barabarani walikuwa wawili, nawataja: baba mdogo Kasiani, na jirani yetu Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake. Nikapakiwa nyuma ya baiskeli, juu ya gunia gumu linalonuka moshi. Kumbe Kasiani hakutaka safari ipotee bure. Alifunga nyama kavu ya nyati, nami nikawa kifuniko.

Tusichokijua ni kwamba pikapu ilikuwa imetoka Majengo, kule Mpanda mjini, kwa fundi Zuberi. Zuberi aling'oa zile taa, akafunga nyingine kubwa, nyeupe, akavuta waya mnene toka kwenye betri ili zipate nguvu. Si fundi, si mwenye gari aliyetuma salamu huku njiani kwamba taa zimebadilika. Nao nawataja.

Giza lilipoingia tukaona mwanga mweupe unapanda kilima, mpaka majani ya miti unayaona moja moja. Kwetu, taa za hivyo zilikuwa za maliasili tu, wale askari wa wanyamapori.

"Yule si Kisabo," baba mdogo akasema.

"Kisabo na taa hizo wapi na wapi," Masanja akajibu. "Tukimbie."

"Na mtoto?"

"Mtoto hawamfungi."

Wakaingia porini. Baiskeli ikaanguka na mimi, katikati ya barabara, gunia kifuani. Kusimama siwezi. Nikafumba macho nikisubiri tairi.

Zingekuwa zile taa za zamani, leo nisingekuwa naandika. Lakini hizi ziliniona toka mbali. Gari likasimama, Mzee Kisabo akashuka, akaniangalia, akanusa gunia.

"Wenye mzigo wako wapi?"

Nikaonyesha porini. Akacheka mpaka akakaa kwenye bampa.

"Kasiani, toka bwana, ni mimi! Au nyama nile peke yangu?"

Hakutoka mtu. Walidhani ni mtego. Basi akanibeba, akabeba na gunia, tukaenda. Nilipona, ila mguu ukabaki mwembamba, na shule ikaishia hapo kwa sababu ilikuwa mbali. Nyama sikuionja.

Watu wa njiani waliendelea kumkimbia, gari likawa linafika mjini tupu. Mwisho Mzee Kisabo akapaka taa moja rangi ya njano. Toka hapo tukiona moja nyeupe na moja njano, tunabeba mizigo tunasogea.

Siku hizi naishi Nsemulwa, hapa hapa Mpanda, nina amani yangu na kibanda changu cha dagaa. Vijana wanafunga taa za bluu, zinawaka kama harusini, halafu wanakuuliza kwa simu, "Uko wapi, mama, mbona sikuoni?" Gari linapita, hujui la nani. Baba mdogo sasa ni mzee, na kwenye kila sherehe anasema alikimbilia kutafuta msaada. Namwekea chakula, namwacha ale.

Mimi taa kali zikija, sikimbii. Kwanza mguu haukubali. Na pili, taa hazina kosa. Wenye kosa nimeshawataja.