Fifi Ni Yake

Kwetu pamba ina madaraja mawili. Kuna safi, nyeupe, inayotoka kwenye tumba lake bila kubembelezwa, na kuna fifi. Fifi ni ile ya njano, iliyonyeshewa na mvua ya mwisho au kutobolewa na funza, imeng'ang'ania mpaka ikuchome vidole ndipo iachie. Bei yake ilikuwa ya kuhurumiwa tu. Wengi waliiacha shambani, ikachomwa moto pamoja na miti yake.

Na mimi nilikuwa fifi. Jina hilo alinipa baba yangu mzazi, mwaka niliomaliza darasa la saba na jina langu likakosekana kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani pale shuleni. "Nilidhani nimepanda safi," aliwaambia wageni wake, nami nimepiga magoti mbele yao nikiwanawisha mikono, "kumbe fifi." Wakacheka sana. Niliwamwagia maji mpaka viwikoni, nikasingizia birika ni zito.

Sasa sikia habari ya redio. Maduka ya Bariadi yalikuwa yameanza kujaa vitu. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni, tukiambiwa "hakuna" kabla hatujauliza, ghafla tukaingia dukani tukakuta mablanketi, baiskeli, sufuria zinazong'aa, na muuzaji anatukaribisha kwa maneno matamu! Siku moja mama alinituma mjini kununua chumvi, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu upande wa Mwamapalala. Nikaiona juu ya kabati la kioo. Redio kaseti, rangi ya fedha, spika mbili, na mkono wa kubebea. Ilikuwa na kitufe kimoja chekundu.

"Hicho cha nini?" nikauliza.

Mwenye duka akakibonyeza. "Sema kitu."

Mimi nikasema neno la kwanza lililonijia, la salamu zetu za asubuhi. "Mwangaluka."

Akarudisha kaseti nyuma, akabonyeza tena, na redio ikasema mwangaluka. Ilikuwa sauti ya msichana asiyemwogopa mtu. Nikageuka kumtafuta nyuma yangu.

"Ndiye mimi huyo?"

"Ndiye wewe. Ukiwa na hela unaondoka naye."

Nilirudi nyumbani bila chumvi, nimeisahau, na mama akanisema mpaka jua likazama. Kwa nini niliitaka? Watu wameniuliza hivyo maisha yangu yote, kana kwamba mtu akitaka kitu lazima alete barua. Niliitaka kwa sababu nyumbani kwetu nilikuwa nikisema "ndiyo baba", "abee mama", na basi. Nilitaka kumsikia yule msichana tena.

Nilikuwa na kuku wangu mwenyewe, kizazi cha tetea mmoja niliyepewa na bibi. Niliwauza wote mnadani, nikabaki na banda tupu, na bado ilikuwa nusu tu. Nikamwendea baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, redio yake ndogo ikiwa imening'inia kifuani ndani ya mfuko wa ngozi. Ile haikuguswa na mtu. Ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kisha ikafungwa.

Nikapiga magoti. "Baba, nina shida. Naomba uniongezee. Kuku wangu wamefika nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya redio kaseti."

"Redio ipo," akasema, akaipigapiga pale kifuani.

"Hiyo ni yako, baba."

"Na wewe ni wa nani?"

Akaendelea taratibu, kama anayemfundisha ndama kunywa maji. Mtoto wa kike hana redio, ana mume. Mume ndiye mwenye redio. Siku ng'ombe wa mahari yangu wakiingia zizini, niende nikamwombe huyo aliyewaleta.

"Basi ninunulie hata mawe yake," nikasema. Mawe ndiyo betri. "Mengine nitajua mwenyewe."

"Yaya!" Hiyo ni hapana ya Kisukuma, na ikitoka kinywani mwa baba haikuwa na mlango wa nyuma. "Hata jiwe moja sinunui."

Nikainuka kabla ya kuambiwa inuka. Najua ilikuwa utovu wa adabu na sijutii. "Basi nipe fifi," nikasema.

"Fifi gani?"

"Ya msimu huu. Ya shamba lote. Mkishavuna safi, mtakachoacha kiwe changu."

Alicheka mpaka mfuko wa redio ukamrukaruka kifuani. "Chukua! Fifi na fifi mwenzake. Mama yako shahidi." Mama alikuwa mlangoni na ungo wake.

Jamani, nilifanya kazi mwaka ule! Mchana nilivuna safi pamoja na wengine, na jua likielekea kushuka wao wakienda nyumbani, mimi narudi mistari ile ile kuokota fifi waliyoiruka. Yale matumba yaliyokauka yana ncha kama sindano. Vidole vikavimba, nikawa nakula ugali kwa kiganja. Wasichana wenzangu walipita barabarani wakiniimbia, "Fifi anaokota fifi!" Nikawaambia waimbe vizuri, nitawarekodi. Mwisho wa mavuno nilikuwa na magunia sita ya takataka yangu mwenyewe, nimeyashona kwa uzi mwekundu yasichanganyike na ya baba.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Miaka yote tulikuwa tunauza kwa ushirika, na karani wa ushirika alikuwa na jicho la mwewe. Ukichanganya fifi kwenye safi anakumwagia gunia zima chini mbele za watu. Mwaka ule soko lilikuwa huria. Kabla ushirika haujafungua mzani, likaja lori la mnunuzi binafsi, mtu wa fulana na miwani, anataka kujaza gari kabla mwenzake hajafika kijiji cha pili. Akatundika mzani wake kwenye mti uani kwetu.

Baba, mtu wa utaratibu, akamwonyesha. "Hii safi. Ile ya uzi mwekundu ni fifi."

"Mzee, weka zote," yule mtu akasema. "Mimi sichagui. Bei moja."

"Fifi na safi, bei moja?"

"Mimi nanunua pamba. Leta!"

Baba akatazama magunia yake, akatazama yangu. Nikaona hesabu ikitembea usoni pake.

"Sikia, mwanangu," akasema. Alipoacha kuniita Fifi nikajua nimekwisha. "Mimi nilikupa fifi. Si ndivyo? Huyu bwana anasema fifi haipo. Kama haipo, basi sikukupa kitu. Hii yote ni pamba, na pamba ya shamba hili ni yangu."

Wapakiaji wakacheka. Hata mimi, nasema kweli, niliona ni akili. Lakini hasira iliyonipanda sijawahi kuiona tena hadi leo. Sikulia, ng'o! Nilipanda juu ya magunia yangu nikakaa, miguu inaning'inia, na baba yangu amesimama chini yangu mbele ya wanaume wenzake. Anayejua kwetu anajua hilo ni tusi la namna gani.

"Shuka."

"Sishuki."

"Nasema shuka!"

"Baba, mimi uliniita fifi mbele ya wageni. Kama leo fifi haipo duniani, basi na mimi ni safi. Waambie hawa watu. Sema mwanangu ni safi, nami nashuka, unachukua yote."

Niliyataka yale maneno kuliko redio, hilo nalijua sasa. Hakuyasema. Badala yake mama, ambaye sikuwahi kumsikia akiingilia neno la baba mbele za watu, alisema kutoka mlangoni, "Ulimpa."

Neno moja tu. Baba akatema mate pembeni, akaenda kukagua matairi ya lori kana kwamba anataka kulinunua. Wapakiaji wakanitazama, nikashuka, wakapima magunia yangu sita.

Niliileta redio kutoka mjini nimeibeba mgongoni kwa kanga. Siku nne baba aliipita kama haioni. Siku ya tano akavuta kigoda karibu.

"Hicho kitu kinarudisha sauti ya mtu yeyote?"

"Yeyote. Sema, usikie."

"Niseme nini?"

"Sema ulichosema siku ile nilipokuomba."

Alijua ninachofanya, baba hakuwa mjinga. Ila hamu ya kujisikia ilimzidi nguvu. Akavaa kofia yake vizuri, akakohoa, akaongea na spika kama yuko mkutanoni: "Mimi mwenye kaya hii nasema. Fifi ni yake. Na kilichotoka kwenye fifi ni chake. Asiulizwe na mtu."

Nikamrudishia. Alisikiliza mara tatu. "Huyu mzee ana sauti," akasema, akaondoka akijisifu kwa kikohozi.

Mwenye duka alikuwa ameniambia kwamba kaseti ukiivunja vile vijino viwili vya nyuma haifutiki tena. Nikavivunja siku hiyo hiyo.

Miaka mitatu ikapita. Redio ikahama kidogo kidogo, leo chini ya mti, kesho kando ya kigoda chake, na baba akaanza kusema "redio yetu". Mawe nilinunua mimi, yakichoka nayaanika juani yapate nguvu ya siku mbili zaidi. Kisha wakaja wageni kuniposa. Ng'ombe wakazungumzwa, wakakubaliwa, na nyama ikapakuliwa. Mimi nilikuwa jikoni na mama nilipomsikia baba akimalizia.

"Binti anaondoka na nguo zake na vyungu vyake. Redio inabaki hapa."

Wanaume wakaitikia, sawa sawa, ndivyo ilivyo. Mama akanishika mkono. Nikautoa.

Nilikwenda kuichukua redio pale kando ya kigoda, nikaiweka katikati ya uwanja, karibu na bakuli la nyama, nikatia kaseti ile na kubonyeza. Mawe yalikuwa yamechoka. Sauti ya baba ikatoka nzito na ya kuburuta: mimi mwenye kaya hii nasema, fifi ni yake, na kilichotoka kwenye fifi ni chake, asiulizwe na… Ikafa hapo.

Hakuna aliyetafuna. Mkubwa wa wageni akauliza, "Ni nani huyo anayesema?"

Nilimtazama baba. Nilikuwa nimeshaamua: akisema chombo kimeharibika, ng'ombe warudi walikotoka, mimi siendi kwa mtu yeyote kutoka kwenye nyumba ambamo neno nililopewa linaweza kufutwa. Liwalo na liwe.

Baba alijifuta mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Ni mimi," akasema. "Na amekatika mwishoni. Alimalizia hivi: na mtu. Asiulizwe na mtu."

Kisha akatia mkono mfukoni mwa shati, akaninyooshea noti bila kunitazama. "Nenda dukani. Mawe sita. Wageni wasikie mpaka mwisho."

Mtoto wa kike akipewa kitu na baba yake hupiga magoti. Mimi noti ile niliipokea nimesimama.