Kuhani wa Msafara

Nyamizi ni fundi cherehani wa Gongoni, Tabora, mzaliwa wa Usoke, na kwa miaka mingi ameongoza sala katika kwaya ya kanisa lao la Moravian. Jumamosi mchana hufunga kibanda mapema na kwenda kwa Sylvester, fundi redio, kucheza mchezo ambao mume wake, Elieza, hakuwahi kuuelewa.

Wanakaa mezani watu wanne. Sylvester anasimulia safari ya msafara wa zamani, wapagazi wakitoka Tabora kuelekea Ujiji, na kila mmoja anachagua mhusika wake na kusema kama yeye. Penye hatari wanarusha dadu, nayo ndiyo inayoamua. Mazungumzo yote yanarekodiwa na kuwekwa mtandaoni, podikasti ya kusikiliza kwenye simu. Nyamizi ni kuhani anayewaombea wapagazi kwa mungu wa kubuni.

Jumamosi moja mvua ilinyesha, Elieza akachukua mwavuli kumfuata mkewe. Alipofika dirishani kwa Sylvester alisikia sauti ya Nyamizi, nzito, kama ya mtu aliyetoka kulia.

"Nimewadanganya siku zote. Nanyoosha mikono mbele yao, lakini ndani yangu hamna kitu."

"Na wa nyumbani kwako wanajua?" aliuliza Sylvester.

"Hawajui. Siku wakijua, nimekwisha."

Elieza hakubisha hodi. Alirudi na mwavuli wake.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Elieza akawa anauliza mambo madogo madogo: kwa nini umevaa kitenge kile, nani alipiga simu ukiwa jikoni. Akiulizwa ana nini, anasema hana kitu. Nyamizi naye akaanza kumshuku. Mwanamume asiyelalamika huenda anaficha lake, aliwaza, akawa anampekua mifuko kila akirudi.

Jumapili, baada ya ibada, mchungaji alimwita Nyamizi ofisini. Elieza alikuwa tayari amekaa humo, macho chini.

"Mama Suzana," alisema mchungaji, "mume wako amekusikia ukiungama kwa mtu asiye mchungaji wako. Anaogopa umeingia kwenye dini nyingine, au jambo baya zaidi."

Nyamizi alimgeukia mumewe. "Ulisimama dirishani?"

"Nilileta mwavuli."

Nyamizi hakujitetea. Alitoa simu, akatafuta kipindi kile, akakifungulia. Walisikiliza wote watatu: wapagazi wakivuka mto Malagarasi, mmoja akichukuliwa na maji, kuhani akishindwa kumwombea, kisha yale maneno. Sauti ya Sylvester ilikuwa ya mpagazi mzee anayemhoji kuhani.

Mchungaji aliirudisha simu kwa Nyamizi. "Kwa hiyo ni mchezo."

"Ni mchezo."

"Maneno yale aliyaandika nani?"

"Hatuandiki, mchungaji. Yanakuja tu."

Elieza aliinua macho. "Yanatoka wapi?"

Kabla Nyamizi hajajibu, mchungaji aliomba tu wasitumie maneno ya Meza ya Bwana katika mchezo wao, akawaruhusu waende.

Njiani Elieza aliuliza tena. Mara hii Nyamizi alimweleza.

"Tulipomzika baba kule Usoke, mimi ndiye niliyeongoza sala. Watu walilia. Mimi sikusikia kitu moyoni, Baba Suzana. Wala tangu siku ile. Nilidhani itapita."

"Kwa nini ukamwambia Sylvester, si mimi?"

"Sikumwambia Sylvester. Kuhani alimwambia mpagazi."

"Sauti ilikuwa yako."

Wiki ile Nyamizi aliomba kupumzishwa kuongoza sala, abaki kuimba tu, na mwalimu wa kwaya alikubali huku akimwangalia kwa jicho la pembeni, maana habari zilikuwa zimeshafika.

Jumamosi iliyofuata Elieza aliongozana naye hadi kwa Sylvester. Alikataa soda. Alikaa pembeni akiwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka Sylvester akamsogezea kiti mezani na kumuuliza angependa kuwa nani katika msafara.

"Mlinzi," alisema Elieza.

"Unalinda mizigo?"

"Namlinda kuhani. Simwamini bado."

Nyamizi alimtazama, akaona hatanii. Sylvester akawasha kinasa sauti, msafara ukaendelea, na tangu hapo Elieza hakosi Jumamosi. Kila kuhani anapofungua mdomo kuomba, mlinzi humsogelea na kumuuliza, mbele ya wasikilizaji wote, kama leo anamaanisha.