Isale la Elibariki

Shemeji yangu Tarsis hakuwa mlevi. Naanza hapo kwa sababu wako watu Kariakoo ambao hadi leo wakipita mbele ya duka lake hulinong'ona neno hilo, na baadhi yao wamekula mezani kwake. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, wa nyumba ambayo haijawahi kuitwa barazani kwa ugomvi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, alikunywa kijijini kwetu Kilema, Krismasi, mbele ya wazee, kama kila mwanamume wa kwetu. Mjini, akiwa kazini, hata soda aliiona inampotezea muda.

Aliuza vyombo vya jikoni kwa jumla, sufuria, mabeseni na chupa za chai, chini ya jengo moja Mchafukoge, jirani na Kariakoo. Wateja wa Tunduru na Mpanda walipompigia simu aliwatambua kwa sauti kabla hawajajitaja, akawauliza habari za watoto wao kwa majina. Vijana wa mtaani walimwita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Akipatana bei na mtu mgumu, aliinamisha kichwa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akataja bei ileile aliyoanza nayo. Mtu alicheka, akalipa.

Jengo ni la Elibariki, mtu wa mlima mmoja na sisi, bonde la pili tu. Mizigo ya stoo za juu ilipandishwa kwa kamba na kapi iliyofungwa nje, juu kabisa ya mlango wanaopita watu. Kamba ilichakaa. Wapangaji walilalamika, Tarsis akiwa wa kwanza. Elibariki akawajibu kwamba asiyelipenda jengo lake ahame, wanaolitaka wamejaa. Asubuhi moja kamba ikakatika, na kreti la sahani likamwangukia Tarsis kichwani akiwa ameinama kufungua kufuli la duka lake mwenyewe.

Alilala hospitali muda mrefu bila fahamu, akapasuliwa fuvu, akaamka. Nywele zikaota, zikafunika kovu. Alitembea, akala vizuri, akasalimia watu. Mpita njia angesema amepona. Daktari alitueleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomzuia mtu kutamka kila linalomjia, imeumia, na haitajirudia kama ngozi inavyojirudia. Tarsis alicheka msibani. Alimwambia mteja mzee kwamba ananuka. Alimkabidhi mtu asiyemjua mzigo mzima wa sufuria kwa sababu alimsifia shati. Alimrushia mkewe Candida kikombe, na baada ya muda akamuuliza nani kavunja kikombe. Haya yalikaa ndani ya nyumba, mahali pake, mpaka Elibariki alipotulazimisha kuyatoa.

Candida alimwendea kwanza kwa adabu, kumwomba asaidie matibabu. Elibariki hakumpa hata kiti. Ndipo tukafungua kesi ya madai Kisutu, tukimtumia wakili Evelyn, binti niliyemfundisha sekondari. Majibu ya Elibariki yakaja na mambo mawili: kwamba Tarsis amepona kabisa, na kwamba asubuhi ile alikuwa amelewa, akajipeleka mwenyewe chini ya mzigo. La kwanza lilikuwa uongo wa kawaida wa mtu asiyetaka kulipa. La pili lilikuwa tusi. Lingesimama mahakamani, Tarsis asingepata matibabu, na wanawe wangeishi wakiitwa watoto wa mlevi wa asubuhi.

Kisha likaja isale. Kwa asiye wa kwetu: isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini. Mtu akikukosea, huvunja ncha yake yenye majani, hufuatana na mzee, huja nayo nyumbani kwako kuomba msamaha. Ukiikataa, watu husema laana inakugeukia wewe. Nimesoma, nimefundisha waliosoma, na sijamwona Mchaga aliyethubutu kuikataa.

Elibariki alilileta Jumapili, wakati mimi na Candida tuko kanisani, akiwa na mjomba wake Mzee Eliasi. Wakati aliouchagua unaeleza nia yake. Tarsis alikuwa peke yake. Alilipokea, akamkumbatia Elibariki, akalichomeka isale ndani ya chupa ya chai yenye maji.

"Shemeji, Eli kaniletea maua," aliniambia tuliporudi. "Mtu mzuri sana yule. Tatizo lake meno. Nimemwambia."

Siku chache baadaye Mzee Eliasi alikuja kudai malipo ya jani lake. Alisema isale likishapokelewa maneno yameisha, kesi iondolewe, na mwanamke aliyekuja kwa kuolewa hana mamlaka ya kumrudisha nyuma mwanamume aliyesamehe. Nilimuuliza kama Elibariki naye ataliondoa lile neno la ulevi. Akasema hayo ni mambo ya mawakili. Nikamwambia akimaliza chai yake, mlango anaujua.

 Candida aliogopa laana iwashukie watoto, akataka tuache. Sikumcheka, kwa kuwa hofu hiyo hata mimi ninayo, ila siipi nafasi ya kukaa. Nilimwomba jambo moja tu, asubiri Elibariki apande kizimbani.

Wakili wa Elibariki, Kitwana, alikuwa kijana mwenye suti nzuri kuliko hoja zake. Siku ya Tarsis kutoa ushahidi alimuuliza jina, kazi, na mahali anapoishi, na Tarsis akajibu yote sawasawa. Kisha Tarsis akamgeukia hakimu, akamuuliza kama nyumbani kwake wanampikia, maana amekonda sana. Watu wakaangua kicheko. Kitwana akasema mahakama imejionea, mtu huyu ana akili timamu na utani juu yake. Candida aliinamisha uso. Nilimgusa kiwiko akauinua.

Ikafika zamu ya Elibariki. Kitwana akamwongoza taratibu mpaka kwenye isale, naye akasimulia kwa majivuno: alivyofuata mila, alivyokwenda na mzee, jinsi Tarsis alivyompokea na kumkumbatia. Alitaka hakimu, ambaye ni mtu wa Lindi, aone kwamba mambo yalikwisha nyumbani. Asiye wa kwetu asingefanya kosa hilo. Elibariki alizoea kwamba isale likipokelewa hufunga kila mdomo, akasahau jinsi safari yake inavyoanza.

Nilimwinamia Evelyn, nikamnong'oneza. Akasimama.

"Shahidi, kwa mila zenu, nani anayepeleka isale? Aliyekosa au aliyekosewa?"

Elibariki alimtazama Kitwana. Kitwana ni mtu wa Tanga, hakuwa na la kumpa.

"Inategemea," alisema Elibariki.

"Inategemea nini?"

Mzee Eliasi alikuwa amekaa benchi la nyuma, mikono juu ya fimbo. Mtu wa kwetu anaweza kuidanganya serikali na akalala usingizi. Kudanganya juu ya isale mbele ya mzee aliyefuatana nalo, hapana.

"Aliyekosa," alisema Elibariki.

"Na wewe ulikosa nini?"

 Hakimu akamkumbusha kwamba yuko chini ya kiapo.

"Kamba. Waliniambia ni mbovu."

"Na huyu Tarsis, asubuhi ile alikuwa amelewa?"

"Hilo liliandikwa tu," alisema, kwa sauti ndogo hata hakimu akamtaka arudie.

Hukumu ilisomwa baada ya masika. Mahakama ilisema kosa ni la mwenye jengo, na kwamba msamaha wa mtu aliyeumia ubongo kiasi kile hauwezi kumnyima haki yake. Ikamwamuru Elibariki amlipe fidia na kugharimia matibabu. Ikasema pia kwamba madai ya ulevi hayana ushahidi wowote. Ukurasa huo nimeutoa kopi, na sasa uko ukutani dukani, juu ya mabeseni, mahali ambapo hata anayenong'ona lazima ausome.

Nje, Mzee Eliasi alinisimamisha. Alisema nimelivua nguo isale mbele ya wageni, na laana haina haraka.

"Hatukulikataa, Mzee," nilimwambia. "Tulilipokea pamoja na maneno yake yote."

Elibariki akapita bila kutusalimu, nami sikumsalimu. Tarsis alimkimbilia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza kama meno ameshayashughulikia. Ilibidi nikamtoe pale.

Isale bado liko kwenye chupa ya chai, dirishani, na limeota mizizi. Candida anataka tukienda Kilema tulipande mpakani, yaishe. Nimemkatalia. Elibariki aje alichukue, aende nalo mpaka nje ya mlango, abishe hodi, aingie nalo upya siku tupo sote, aseme alichokosa kwa mdomo wake mwenyewe. Mpaka siku hiyo nitalibadilishia maji.