Sahani ya Kamate

Zamani, ku internat, nyumba ya kulala ya banafunzi, ya misioni ya Butembo, batoto bane balikuwa banakula ku sahani moja: Jéthro, Gustave, Octave na Kamate. Kisha, mwaka wa 1964, waasi baliingia, banatafuta batu benye kusoma. Kamate, mwenye alikuwa mwalimu, alijificha ku Vuhovi, ku shamba ya Mariette, muke wake. Octave mwenyewe alitangulia mbele ya waasi mpaka ku mulango ya Mariette. Balimukamata Kamate, na hakurudia tena.

Miaka tatu Jéthro alimeza hasira. Kisha aliita bote benye balisoma pamoja, hata Octave, mwenye sasa alikuwa mukubwa ku bureau moja ya serikali ya Beni. Octave alikuya na suti, anakumbatia batu bila haya.

Kila kikundi kilikaa ku sahani yake kama zamani, Octave na Jéthro na Gustave ku yao. Bukari, ugali ya kwetu, ilifika ingali moto. Octave alimega tonge ya kwanza, akatia mu kinywa. Pale pale Jéthro na Gustave balinawa mikono na kupanguza, kama batu benye balimaliza kula, bila kuonja kitu. Ku sahani zote mikono ilisimama.

"Lakini, hamukuli?" Octave aliuliza.

"Wewe kula, ndugu," Jéthro alisema. "Mariette, mujane wa Kamate, ndiye alipika. Anasimama pale ku mulango, anangojea umalize."