Somo la Tumbo Tupu

Kijijini walimwita Mama Sahani, na jina hilo alilitolea jasho. Kila Alhamisi, nyuma ya zahanati, aliwakalisha chini watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, akashika kijiti na kuchora duara kubwa mchangani. Hiyo ndiyo sahani. Huku mboga za majani, huku maharage au dagaa, huku viazi, na pembeni tunda, hata liwe la kuokota njiani. Mwanamume aliyethubutu kusema yeye asubuhi hushiba chai ya rangi alikiona cha mtema kuni. Mama Sahani alimuuliza mbele ya kadamnasi kama chai hiyo ina minofu. Watu walicheka, naye akacheka shingo upande, lakini Alhamisi iliyofuata alikuja akijisifu kwamba amekula kiporo cha maharage.

Wala hakuwa akiwahubiria mambo ya kusikia. Yeye mwenyewe aliwahi kuletwa zahanati hiyohiyo mgongoni mwa mumewe, ngozi na mifupa, na dawa pamoja na chakula ndivyo vilivyomrudisha duniani. Kwa hiyo muuguzi akisema, watu waliitikia. Mama Sahani akisema, walitenda. Na neno lake kubwa, alilowakaririsha mpaka likawakaa kichwani, lilikuwa hili: dawa hainywewi tumbo tupu. Alilisema kwa nia safi kabisa. Siku za mwanzo dawa zilimchafua tumbo vibaya, na uji wa moto ndio uliomtuliza.

Mwanafunzi mtiifu kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi baiskeli. Huyo bwana alikuwa mtu wa kushika neno, we acha tu. Alipanda mchicha nyuma ya kibanda chake kwa sababu shemeji kasema, akaumwagilia kwa maji ya beseni alilotafutia matundu ya mipira, mpaka Mama Sahani akamgombeza kwamba anakula mchicha wa gundi. Kesho yake alikuwa na ndoo ya maji safi.

Mwaka ule, kama uliotangulia, mvua ilikata mapema. Maghala yakabaki vumbi, na watu wakaanza kula mlo mmoja, kisha nusu mlo. Fundi akakonda. Tena akaanza kukohoa. Mama Sahani, jamani, kwanza hakuona huruma, aliona hasira. Alimsema kwamba anamtia aibu, shemeji wa mwalimu wa lishe anatembea kama kivuli. Fundi alikuwa na wajukuu wawili walioachwa na binti yake, na kilichopatikana kiliishia kwao. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukaza mnyororo.

Asubuhi moja Mama Sahani alibeba karanga za kusaga, akaenda kumpikia uji kwa mkono wake mwenyewe. Alipokuwa akitafuta chumvi juu ya rafu, mkono wake ukagusa vikopo vya dawa. Kimoja hakijafunguliwa. Kingine kimeishia nusu, na tarehe yake ilikuwa ya zamani. Akavishusha vyote viwili.

"Shemeji, hizi ni nini?"

"Ni za siku ambazo hakukuwa na chakula," fundi akajibu kwa utulivu, kama mtu aliyepata jibu sahihi. "Si ulisema hainywewi tumbo tupu? Sijawahi kulivunja neno lako, shemeji."

Mama Sahani aliketi palepale sakafuni, kijiko mkononi, na uji ukaungua jikoni.

Siku hiyohiyo alimpeleka zahanati akiwa amempakia kwenye baiskeli ya mteja. Muuguzi alimpima, akasikiliza kifua, kisha akawaeleza wote wawili. Chakula huisaidia dawa, na baadhi ya dawa hutulia tumboni zaidi mtu akila. Lakini kukosa chakula si sababu ya kuiacha. Siku ya njaa, kidonge kinywewe kwa maji, maana kikiachwa virusi hupata mwanya wa kuzaliana na dawa huweza kushindwa. Fundi ingebidi aende hospitali kubwa apimwe upya. Kama atapona au la, muuguzi hakuahidi.

Fundi alipotoka nje, muuguzi alimsogelea mama wa watu na kumshauri kwa upole kwamba jambo hili lirekebishwe taratibu, mtu mmoja mmoja akija kuchukua dawa, watu wasije wakayakimbia masomo. Mama Sahani alikataa. Njaa ilikuwa imeingia nyumba zote, na akingoja, kila siku kuna kidonge cha mtu kitakachobaki koponi. Aliogopa, tena sana. Hapo kijijini kuaminiwa ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

Alhamisi hakuchora kitu. Alisimama mikono mitupu.

"Niliwafundisha vibaya," alisema. "Dawa inywewe kila siku, umekula hujala. Kama huna chakula, kunywa kwa maji. Aliyeziacha siku za njaa kwa sababu yangu anyooshe mkono, asaidiwe leo."

Ukanyooka mkono wa seremala, wa binti yake, wa mama anayenyonyesha. Mikono iliendelea kunyooka mpaka muuguzi akaangalia pembeni. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Nyuma kabisa, muuza mkaa hakunyoosha mkono. Alisimama. Mumewe alikufa katika njaa ya mwaka uliotangulia, na Mama Sahani ndiye aliyewapikia waombolezaji.

"Mume wangu alikuwa akiziomba dawa zake," alisema, sauti haikupanda. "Ndani hatukuwa na kitu. Aliomba, nami nikazificha. Nikamwambia avumilie nitafute unga, Mama Sahani amekataza."

Mama Sahani alipita katikati ya watu mpaka alipofika mbele yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Angekuwepo leo?" muuza mkaa akauliza.

"Sijui, dada," akajibu. "Sijui."