Bureti ya Bomba la Sindano

Mwaka ule nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na binti yangu wa kwanza alikuwa kidato cha nne. Mambo hayo mawili yalikutana jikoni kwetu Kirumba, kwa sababu mimi nilikuwa na muda na yeye alikuwa na kemia.

Alitaka kuendelea na sayansi kidato cha tano, na njia hiyo ilidai apate angalau C ya kemia. Masomo mengine hayakumtia wasiwasi. Kemia ndiyo iliyomnyima raha. Mwalimu wao alikuwa ameacha kazi katikati ya mwaka, akaenda kusimamia mizani katika kimojawapo cha viwanda vya minofu ya sangara vilivyokuwa vikifunguliwa ufukweni mwa ziwa. Hakuna aliyemlaumu. Chumba cha maabara shuleni kilikuwa kimejaa viti vibovu. Wanafunzi wenzake wenye uwezo walikwenda tuisheni. Sisi tuliishi kwa mapanki, mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, ambayo mke wangu aliikaanga na kuiuza kibarazani. Basi nikasema mimi nitamfundisha. Nilikuwa nimemaliza sekondari, tena mchepuo wa sayansi, na nyumbani kila mtu alilijua hilo kwa sababu sikuacha kulitaja.

Nilimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu. Hata leo, mtu mzima na wanawe, akinipigia simu huanza kwa kusema, "Ni mayu hapa."

Maswali ya miaka iliyopita tuliyapata kwenye meza ya fotokopi kule Mirongo, wino umefifia kiasi kwamba namba nyingine tulizibahatisha. Jumapili baada ya ibada tulikaa nyuma ya nyumba, kwenye jiwe kubwa linaloegemea ukuta wetu. Mimi nilisoma swali kwa Kiingereza, tukaligeuza Kiswahili ili tujue linataka nini, kisha yeye akalijibu kwa Kiingereza. Mke wangu alikuwa hatua chache kutoka hapo na karai lake la mafuta, na masikio yake yalikuwa kwetu.

"Kwa nini sabuni haitoi povu kwenye maji magumu?" niliuliza siku moja.

"Kwa sababu yana chumvi za kalsiamu na magnesiamu. Lakini baba, maji hayo mimi sijawahi kuyaona. Ya ziwani yanatoa povu tu."

"Na ya kisima kwa shangazi yako Usagara? Ulipofua kule ilikuwaje?"

Alifikiri kidogo. "Yale yanayoacha utando juu ya beseni?"

"Hayo hayo."

"Kumbe shangazi anaishi ndani ya mtihani."

"Msimwambie," mama yake alisema kutoka kwenye karai. "Atajidai mpaka Krismasi."

Tulikwenda hivyo, mada baada ya mada. Uchenjuaji wa chuma ulimwingia haraka. Moli ilimsumbua hadi nilipompeleka Mwaloni, kwenye soko la samaki, nikamwonyesha wanavyouza dagaa. Hakuna anayehesabu dagaa mmoja mmoja, nilimwambia. Wanapima kwa debe, na kila mtu anajua debe ni nini. Atomu nazo ni ndogo mno kuhesabiwa, ndiyo maana zina debe lake, yaani moli. Alisimama pale katikati ya makelele na harufu, akaniuliza kama debe la dagaa wakubwa na debe la dagaa wadogo huwa na idadi sawa. Nikakiri kwamba haiwi sawa. "Basi mfano wako umevuja, baba," alisema, lakini tangu siku hiyo hesabu za moli hazikumshinda tena. Nadhani alizielewa kwa kuutafuta mwanya ulipovujia.

Kilichobaki ni mtihani wa vitendo. Humo lazima upime kiasi cha asidi kinachomaliza nguvu ya besi, na chombo cha kupimia ni bureti, bomba refu la kioo lenye vistari na koki chini. Shuleni kwao ilikuwapo moja, imevunjika mdomo, imefungiwa kabatini. Nikaamua tutatengeneza yetu. Duka la dawa lilinipa bomba kubwa la sindano, la plastiki, bila sindano yenyewe. Asidi yetu ilikuwa maji ya ndimu. Besi ilikuwa magadi ya kuchemshia maharage, yaliyoyeyushwa na kuchujwa kwa kitambaa. Kwa kiashiria tulichemsha yale maua mekundu ya uzio wa kanisa, ambayo wanafunzi huyapasua kwenye baiolojia. Maji yake huwa ya kijani kwenye magadi na hugeuka waridi ndimu ikizidi.

Ilikuwa raha kumtazama. Alishika bomba mdomo ukiwa chini, akasukuma kwa kidole gumba, tone moja, akatikisa glasi, tone jingine. Mapovu yalipanda. Mwisho lilikuja tone moja ambalo baada yake glasi nzima ilibadilika rangi, naye akavuta pumzi kana kwamba ndiye aliyekuwa ndani ya glasi. Kisha alisoma vistari, akiinamisha kichwa hadi jicho liwe sawa na kipimo, kama nilivyomwelekeza. Bomba la sindano lina sifuri mdomoni, kwa hiyo ukilishika hivyo namba zinapanda kutoka chini kwenda juu. Alizizoea hadi akawa anasoma bila kufikiri.

"Magadi yangu yanaisha," mama yake alilalamika. "Maharage yatapikwa kwa kemia wiki hii?"

"Mama, hii ndiyo C yangu ipo ndani ya glasi."

"Basi ikiiva niambie, nipate magadi."

Jumapili ya mwisho, tukisuuza glasi, aliniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka uzee huu.

"Baba, bureti yenyewe ikoje?"

Sikusita hata kidogo. "Ni kama hii hii, ila ndefu na ya kioo."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeshika bureti mia. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kusuuza.

Siku ya mtihani wa vitendo walipelekwa shule nyingine yenye vifaa. Alirudi alasiri, sare imelowa jasho mgongoni, lakini uso umechangamka. Alikunywa uji haraka haraka, akaja kuketi nami kwenye jiwe.

"Nimepata ishirini na nne nukta nne. Nikarudia, ikaja karibu na hiyo hiyo. Na rangi, baba, ilikuwa safi kuliko ya maua yetu."

"Nionyeshe ilivyokuwa."

Alichukua kipande cha mkaa, akachora bureti juu ya jiwe. Mistari mirefu miwili, koki chini. Juu kabisa akaandika sifuri, kisha namba zikashuka. Alipofika ishirini na tatu akachora vistari vidogo kuelekea ishirini na nne, akaweka alama mahali asidi ilipoishia. Mkono wake ukasimama.

"Niliihesabu kutoka chini," alisema polepole. "Kutoka ishirini na nne nikapanda vinne. Lakini sifuri iko juu." Alihesabu tena kwa ncha ya mkaa, akishuka. "Ilikuwa ishirini na tatu nukta sita."

Nilikuwa natazama ile sifuri, na kwa mara ya kwanza nilikuwa naiona.

"Na zote zimekaribiana kwa sababu zote nimekosea vile vile," alisema. Kisha akanigeukia, bila hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. "Baba, wewe uliwahi kushika bureti?"

"Hapana, mayu."

Nikamweleza. Shuleni kwetu darasa zima lilikuwa na bureti moja, na mwalimu aliishika mwenyewe mezani kwake mbele. Mimi nilikaa nyuma. Niliona mkono wake, niliona rangi ikibadilika, nikaandika namba aliyoitaja. Ningeweza kumwambia hayo Jumapili ile. Angemwuliza mtu mwingine, angekwenda akijua kwamba hajui, angeangalia mara mbili. Nilimnyima nafasi hiyo ili nibaki msomi jikoni kwangu.

Mapanki yaliendelea kulia kwenye karai la mama yake. Kisha binti yangu alifuta vumbi la mkaa kwenye sketi, jambo ambalo siku nyingine lingemletea ugomvi na mama yake.

"Basi leo nimekupita," alisema. "Mimi nimeishika."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka, nikainama kana kwamba natafuta kitu miguuni.

Matokeo yalipotoka kemia yake ilikuwa D. Sijui kama ni vile vistari pekee vilivyomshusha, na yeye hajawahi kusema hivyo, lakini mimi nimekuwa nikisema hivyo moyoni miaka yote. Kidato cha tano cha sayansi hakikumchukua. Chuo cha uuguzi kilimchukua, na amewauguza watu wa ziwa hili karibu maisha yake yote.

Lakini siku ile, juu ya jiwe, matokeo yalikuwa bado, na karatasi ya nadharia ilikuwa inamngoja. Alinisukumia yale makaratasi ya fotokopi.

"Niulize, baba. C bado inawezekana."

Niliokota swali la kwanza. Lilihusu umeme kupita katika mmumunyo wa chumvi ya shaba. Nililisoma, nikalisoma tena.

"Hili silijui," nilimwambia.

Akasogea karibu, bega lake likagusa langu, akaliinamia karatasi. "Tulisome wote," alisema.