Kamera ya Chumbani kwa Bibi Adelfina

Deodata, mwenye duka la jirani, aliingia kibandani kwa Agripina, fundi cherehani wa Biharamulo mjini, akamgeuzia simu.

"Dada, huyu si mama yako?"

Alikuwa mama yake. Bibi Adelfina wa Keza, wilayani Ngara, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo wazi, akiogeshwa na Suzan, binti aliyekuwa akimtunza tangu alipopooza upande mmoja. Chini ya video watu wasio na majina ya kweli walikuwa wamejaza vicheko. Mmoja aliandika kwamba kibibi kinaoshwa kama kiazi.

Agripina akampigia Suzan hapohapo. "Umemrekodi mama yangu!"

"Dada, simu yangu ni ya vitufe! Haina hata kamera!" Suzan akaanza kulia.

Agripina akaitazama tena video. Suzan alikuwa humo ndani ya picha, mikono yote miwili kwenye maji. Aliyepiga picha alikuwa juu, upande wa kabati. Juu ya kabati palikuwa na kitu kimoja tu: kamera aliyoifungisha yeye mwenyewe, ili akiwa Biharamulo amwone mama akiamka na akila.

"Nisamehe, Suzan," alisema. "Ichomoe hiyo kamera. Sasa hivi."

Kesho yake asubuhi alikuwa Ngara mjini, mbele ya meza ya Novatus, kijana aliyefunga kamera ile.

"Shikamoo, mama."

Agripina alimwekea simu mezani. Novatus akatazama kidogo, akaigeuza kifudifudi.

"Niambie wameingiaje nyumbani kwetu," Agripina alisema.

Novatus alieleza huku akikuna shingo. Laini ya kawaida ya simu huwachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mtu wa mbali hawezi kukifikia kifaa cha mmoja wao moja kwa moja. Agripina alitaka kuiona kamera akiwa mbali. Basi Novatus akaiombea nyumba ya Keza anwani yake peke yake, isiyobadilika, akafungua njia kwenye ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani: simu ya Agripina ikiita anwani ile, inapelekwa moja kwa moja kwenye kamera.

"Na mtu mwingine akiita?"

"Anapelekwa pia. Ila anaulizwa nywila."

"Nywila gani?"

"Ile iliyotoka nayo kiwandani."

"Ambayo kila mwenye kamera kama ile anaijua."

"Lakini mama, anwani ni namba tu. Haikuandikwa Keza, wala Bibi Adelfina."

"Sasa wameipataje?"

"Kuna programu zinapita kwenye namba, moja baada ya nyingine, zinabisha hodi. Hazimtafuti mtu. Zinatafuta mlango uliofunguliwa."

"Ulilijua hilo siku ile unafunga?"

"Nililijua, mama."

Kama angesema hakujua, labda Agripina angemsamehe.

"Washa pikipiki. Tunakwenda Keza."

Huko Novatus aliifunga ile njia, akabadilisha nywila zote, akairudisha laini iwe ya kawaida. Akasema ipo namna ya kuiona kamera kwa njia ya siri isiyomfungulia mtu mwingine, na kwamba ndiyo aliyopaswa kuiweka tangu mwanzo. Agripina alimshika mkono wa shati, akampeleka chumbani.

"Mweleze mama."

Novatus akapiga magoti, akaeleza, akaomba msamaha. Bibi Adelfina alisikiliza, mdomo ukiwa umepinda upande mmoja. Maneno yalimtoka polepole lakini yalitoka yote.

"Nenda ukaoge pale sokoni, watu wakuangalie. Ukimaliza, uje uniombe msamaha."

Agripina alikwenda polisi. Waliandika maelezo yake kwa heshima. Baadaye aliambiwa kwamba aliyeirusha video alijificha nyuma ya anwani za nchi nyingine, na jina lake lilikuwa la uongo. Mwizi alikuwa amefunikwa vizuri. Aliyebaki wazi ni mwanamke mgonjwa ndani ya chumba chake. Jambo hilo lilimuuma Agripina kuliko yote, na kwa majuma mengi aliharibu vitambaa vya watu kwa mkasi.

Mtandao uliiondoa video baada ya malalamiko mengi. Simu za watu hazikuiondoa. Jumapili moja, nje ya kanisa huko Keza, Frednand, jirani aliyekula mara nyingi nyumbani kwa Bibi Adelfina, alimsalimu Agripina huku akizuia kicheko.

"Unayo," Agripina alisema.

"Nini?"

"Toa simu."

"Mimi nilitumiwa tu, nikawatumia wenzangu. Sikuirekodi mimi."

"Toa simu, Frednand."

Watu walisimama. Frednand akaitoa, akaitafuta ile video, akaifuta mbele yake, kidole kikiteleza kwa jasho.

"Aliyeiiba simjui," Agripina alimwambia. "Wewe nakujua."